Kuweka seva ya DHCP kwa dnsmasq, kompyuta zote zijipatie anwani ya IP zenyewe

Ukiwa na maabara ya shule, cyber au ofisi yenye kompyuta ishirini thelathini na bado unazunguka mashine moja moja kuandika anwani ya IP kwa mkono, hii kazi inakuchosha bure, maana leo umeandika 192.168.1.15 kwenye mashine ya dirishani, kesho mwenzako kaja na laptop kaandika hiyo hiyo 15, mashine mbili zinagombana moja inakosa netiweki na hakuna anayejua kwanini. Alafu mtu akienda na laptop yake nyumbani hapati intaneti kwa sababu ile anwani ya ofisini bado imegandishwa mle ndani. Dawa ya haya yote ni DHCP, yani huduma ya seva kuzigawia kompyuta anwani za IP bila mtu kuandika kwa mkono, na hapa naelekeza jinsi ya kuisimamisha kwenye kompyuta ya kawaida yenye Ubuntu au Debian kwa kutumia programu inaitwa dnsmasq, kuanzia mwanzo mpaka mashine ya kwanza ipate anwani, pamoja na pale mambo yanapokwama maana hapo ndo watu wengi wanaachia njiani.

Kwanza niseme ukweli, kama ni nyumbani una simu nne na laptop mbili huhitaji haya, rauta yako tayari ina DHCP ndani yake iache ifanye kazi. Seva yako mwenyewe inafaa pale ambapo unataka printa na kamera zikae kwenye anwani zile zile siku zote, unataka kuona nani kaingia lini, au unabadilisha kampuni ya intaneti mara kwa mara na kila rauta mpya inakuja na setingi zake na kufuta kila ulichopanga. Ukiwa na seva yako, rauta ije rauta iende, mpango wa anwani unabaki kwako, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

Sasa inavyofanya kazi, na hapa tulia kidogo kwa sababu ukielewa hizi hatua nne kutafuta tatizo kunakuwa rahisi sana mbele. Kompyuta ikiwaka haina anwani, inapiga kelele kwenye netiweki nzima kuuliza kama kuna seva (huo ujumbe unaitwa DHCPDISCOVER), seva inajibu nina anwani hii hapa unaitaka (DHCPOFFER), kompyuta inasema naam naiomba hiyo (DHCPREQUEST), seva inamalizia haya chukua (DHCPACK). Seva inasikiliza kwenye poti 67 ya UDP na kompyuta inapokelea kwenye 68. Anwani haitolewi moja kwa moja, inakodishwa kwa muda, kama mgeni wa gesti anayelipia chumba, nusu ya muda ikifika kompyuta inarudi kimya kimya kuomba kuongezewa, isipojibiwa inaendelea kujaribu na ikifika asilimia 87.5 ya muda inaanza kuuliza seva yoyote itakayosikia, muda ukiisha kabisa inaachia. Hili la kukodisha ndo jipya ambalo DHCP ilileta, maana kabla yake kulikuwa na BOOTP ya mwaka 1985 ambapo msimamizi alitakiwa aorodheshe kila mashine na anwani yake. DHCP tunayotumia saa hizi imeandikwa kwenye hati inaitwa RFC 2131 ya mwaka 1997, aliyeiandika ni Ralph Droms, na mpaka leo simu yako ikiunga wifi inafuata hatua zile zile.

Kitu kingine cha kukumbuka, ule ujumbe wa kwanza unatangazwa kwa wote ila kwa kawaida hauvuki rauta, kwa hiyo kwa mpango wetu huu seva lazima iwe kwenye netiweki moja na kompyuta unazozihudumia. Na kwenye netiweki moja inatakiwa DHCP moja tu. Hili nitalirudia tena na tena.

Kabla ya kugusa kompyuta chukua karatasi. Kweli kabisa, karatasi na kalamu. Andika mpango wa anwani. Mi hapa natumia 192.168.50.0 yenye maski 255.255.255.0 (maski ndo inaonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya netiweki na ipi ni ya mashine), hiyo inakupa anwani 254 za kutumia ambazo kwa maabara au ofisi ya kawaida zinatosha na kubaki. Kwanini 50 na siyo 0 au 1? Kwa sababu rauta nyingi za dukani zinakuja na 192.168.0 au 192.168.1, siku mtu akichomeka rauta yake kwa bahati mbaya utaijua hapo hapo maana mashine zitakuwa na anwani ngeni, wakati ungekuwa kwenye 192.168.1 ungechanganyikiwa zote zinafanana. Mpango wangu uko hivi: rauta ni 192.168.50.1, seva yetu ni 192.168.50.2, kuanzia 10 mpaka 29 nawekea printa, kamera na vifaa visivyotakiwa kuhama, na kuanzia 50 mpaka 220 ndo za kugawa kwa yeyote anayekuja, hizo ni anwani 171. Kuanzia 221 kwenda juu acha wazi, siku moja utazihitaji.

Mashine yenyewe haihitaji nguvu, kompyuta ya zamani ambayo watu wanalalamika nzito kwa Windows inatosha sana. Ila iunge kwa waya kwenye swichi, usiiweke kwa wifi, na kama umeme kwenu unakatika katika iweke kwenye UPS, alafu ingia kwenye BIOS utafute setingi ya kuifanya iwake yenyewe umeme ukirudi. Usipofanya hivo umeme ukirudi kompyuta zote zitawaka zikitafuta seva ambayo bado imelala, na zenye Windows zitajipachika anwani za 169.254 ambazo hazitoki nje kwenda intaneti.

Kuhusu programu, zamani mafundi wengi tulitumia ile ya shirika la ISC, isc-dhcp-server, lakini ISC wenyewe walitangaza mwisho wake mwaka 2022 na wanasukuma watu wahamie Kea, programu yao nyingine ya DHCP. Kea ni nzuri kwa sehemu kubwa zenye maelfu ya mashine, ila kwa maabara naona ni mzigo mkubwa kuliko kazi. dnsmasq ya Simon Kelley ni ndogo, faili la setingi lina mistari kumi tu unaisoma na kuielewa, na imekomaa. Hiyo ndo tunaenda nayo.

Anza wakati intaneti bado ipo, yani rauta bado inagawa anwani kama kawaida, maana ukizima DHCP ya rauta kabla ya kushusha programu utakwama. Fungua terminali uandike

sudo apt update
sudo apt install dnsmasq

Kwenye Ubuntu kuna uwezekano mkubwa mwishoni utaona maneno mekundu kwamba dnsmasq imeshindwa kuwaka, inalalamika poti 53 inatumika tayari. Usishtuke wala usianze kufuta vitu. dnsmasq inafanya kazi mbili, DHCP na DNS, na poti 53 ni ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), poti ambayo Ubuntu tayari inaitumia kwa huduma yake ya systemd-resolved. Sisi tunataka DHCP tu kwa sasa kwa hiyo tutaizima ile ya DNS kwa mstari mmoja na ugomvi utakwisha. Kwa sasa isimamishe kwanza

sudo systemctl stop dnsmasq

Seva yenyewe lazima iwe na anwani isiyohama, hii ndo mashine pekee ambayo unaiandikia kwa mkono, rauta ukiiweka pembeni. Tafuta jina la kadi ya netiweki kwa kuandika ip a, utaona kitu kama enp3s0 au eno1, andika jina lako pembeni. Kwenye Ubuntu Server setingi ziko ndani ya folda /etc/netplan, mara nyingi kuna faili moja linaishia na .yaml, lifanyie kopi kwanza uiweke nje ya hiyo folda, alafu lifungue kwa sudo nano ulifanye liwe hivi

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.50.2/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.50.1
      nameservers:
        addresses: [1.1.1.1, 8.8.8.8]

Hapa angalia nafasi za mwanzo wa mistari, faili la namna hii linasoma nafasi kama sehemu ya maana, tumia spesi wala usiguse kitufe cha Tab hata mara moja, ukikosea spesi moja halikubali. Usilianzishe bado. Kwa wenye Debian bila netplan setingi hizi zinakaa /etc/network/interfaces, mpango ni ule ule.

Sasa faili la dnsmasq lenyewe. Usihangaike na lile kubwa la /etc/dnsmasq.conf lenye maelezo marefu, liache lilivyo kama la kusoma, we tengeneza lako dogo

sudo nano /etc/dnsmasq.d/maabara.conf

na ndani yake andika

port=0
interface=enp3s0
dhcp-authoritative
dhcp-range=192.168.50.50,192.168.50.220,255.255.255.0,12h
dhcp-option=option:router,192.168.50.1
dhcp-option=option:dns-server,1.1.1.1,8.8.8.8
dhcp-host=02:00:00:aa:bb:10,printa-ofisi,192.168.50.10
log-dhcp

port=0 ndo inazima upande wa DNS. interface inasema ihudumie kadi hiyo tu, badilisha uweke jina la kadi yako, usikopi langu. dhcp-authoritative unaiambia seva kwamba yeye ndo mwenye netiweki hii hakuna mwingine, faida yake ni kwamba kompyuta ikija na anwani ya zamani ya sehemu nyingine inakataliwa haraka na kupewa mpya badala ya kusubiri subiri. dhcp-range ni kuanzia wapi mpaka wapi na kwa muda gani. Ile ya router usiiache, naisisitiza kwa sababu usipoiandika dnsmasq inawaambia kompyuta wapitie kwake yeye mwenyewe kutoka nje, unakuta kila mashine ina anwani nzuri kabisa lakini hamna intaneti, na watu wanaanza kupiga simu kwa kampuni ya intaneti wakati kosa liko ndani. Kama intaneti yenu ina DNS ya shule au ya kuchuja mambo ya watoto weka anwani zake hapo kwenye dns-server badala ya hizi zangu.

dhcp-host ndo ya kufungia kifaa kwenye anwani moja. Namba ya MAC (utambulisho wa kadi ya netiweki ya kifaa) niliyoandika, ile 02:00:00:aa:bb:10, ni ya mfano, ya printa utaiona kwenye stika nyuma yake au kwenye karatasi ya setingi inayochapisha yenyewe. Anwani ya kufungia inatakiwa iwe ndani ya netiweki yako ila siyo lazima iwe ndani ya zile za kugawa, ndo maana nimeweka 10. Kwa nini tufungie huku na tusiandike kwa mkono kwenye printa? Kwa sababu siku ukihama jengo au kubadilisha mpango unabadilisha faili moja tu, huzunguki kila kwenye printa na vile vitufe vyake vidogo.

Muda wa kukodisha una akili yake. Maabara yenye mashine zile zile kila siku, masaa 12 au 24 ni sawa. Sehemu yenye wifi ya wageni, watu wanapita na simu wanaondoka, shusha mpaka 1h au 2h, vinginevyo anwani 171 zinaisha saa nne asubuhi zikiwa zimeshikwa na simu za watu ambao wameshaondoka. Na usitegemee kufungia simu kwa namba ya MAC kirahisi, kuanzia Android 10 na iOS 14 simu zinaficha MAC halisi na kutumia ya kubuni kwa kila wifi, kwa hiyo ukitaka kuifungia lazima mwenye simu aizime hiyo setingi kwenye wifi yako.

Kagua kama umeandika sawa

sudo dnsmasq --test -C /etc/dnsmasq.d/maabara.conf

Ikijibu syntax check OK uko vizuri, kama kuna kosa itakutajia namba ya mstari.

Sasa ndo saa ya kubadilisha, fanya wakati watu hawapo, jioni au wikiendi. Ingia kwenye rauta kwa kompyuta nyingine, badilisha anwani yake ya ndani iwe 192.168.50.1, ukibonyeza kuhifadhi ukurasa utapotea, hiyo ni kawaida, ile kompyuta yako bado iko kwenye netiweki ya zamani. Ichomoe waya uichomeke tena ipate anwani mpya kutoka kwa rauta, ingia tena kwa 192.168.50.1, nenda sehemu ya DHCP uizime, hifadhi. Utaratibu uwe huo, anwani kwanza DHCP baadaye, ukigeuza utajifungia nje na itabidi uiandikie kompyuta anwani kwa mkono ili urudi ndani. Alafu rudi kwenye seva

sudo netplan try

Hii inakupa sekunde 120, usipothibitisha inarudisha setingi za zamani yenyewe, ni kinga nzuri sana hasa ukiwa unafanya kwa mbali. Piga ping 192.168.50.1 uone rauta inajibu, alafu

sudo systemctl enable dnsmasq
sudo systemctl restart dnsmasq

Ukiwa umewasha fayawoli ya ufw ifungulie njia, la sivyo maombi yatagonga ukuta

sudo ufw allow in on enp3s0 to any port 67 proto udp

Kila ukibadilisha faili la maabara.conf baadaye lazima urestati dnsmasq, haisomi mabadiliko yenyewe.

Chukua mashine moja ya kujaribia, moja tu. Kwenye Windows andika ncpa.cpl kwenye sehemu ya kutafuta, fungua kadi ya netiweki, ingia kwenye IPv4, futa ile anwani ya mkono uweke alama kwenye chaguo la juu la kupata anwani yenyewe, na la DNS pia, watu wengi wanasahau hili la DNS. Fungua dirisha la amri uandike ipconfig /release alafu ipconfig /renew, mwisho ipconfig /all. Tafuta mstari wa DHCP Server, lazima usome 192.168.50.2. Ikisoma 192.168.50.1 rauta bado inagawa, rudi ukaizime.

Wakati huo huo kwenye seva fungua

sudo journalctl -u dnsmasq -f

na utaona zile hatua nne zinapita mbele yako. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu logi inakuambia tatizo liko wapi bila kubahatisha. Usipoona DHCPDISCOVER kabisa, ombi halijafika kwa seva, angalia waya, swichi, jina la kadi uliloandika kwenye faili, na fayawoli. Ukiona DISCOVER na OFFER zinajirudia bila REQUEST, jibu lako halifiki au kompyuta imekubali ofa ya seva nyingine. Ukiona no address range available, anwani ya seva yenyewe haiko kwenye netiweki moja na zile za kugawa, mara nyingi ni netplan haijakaa sawa. Ukiona no address available bila hilo neno range, anwani zimeisha, punguza muda au panua eneo la kugawa. Na ukiona zote nne mpaka ACK lakini hakuna intaneti, achana na DHCP, tatizo ni ule mstari wa router, DNS, au intaneti yenyewe.

Ikikubali mashine ya kwanza zipitie zilizobaki uzitoe kwenye anwani za mkono. Zikishapata zote soma faili hili

cat /var/lib/misc/dnsmasq.leases

kila mstari una muda wa kuisha, MAC, anwani na jina la mashine. Kutoka hapo unaweza kukopi MAC zote na kutengeneza mistari ya dhcp-host kwa mashine zote za maabara bila kuinama chini ya meza hata moja, mashine ya kwanza ipate 101, ya pili 102, ubandike namba hiyo kwenye kioo, siku mwanafunzi akisema ya 17 imekwama unajua ni 117.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Adui mkubwa wa mpango huu ni mtu anayeleta rauta yake ya wifi na kuchomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN. Hiyo rauta ina DHCP yake na inaanza kugawa 192.168.0 au 192.168.1 kwa nusu ya ofisi, nani atapata ipi inategemea nani kajibu haraka, kwa hiyo baadhi wana intaneti baadhi hawana na ukirestati mashine inabadilika. Ukiona dalili hizo weka nmap (programu ya kuchunguza netiweki) kwenye laptop yenye Linux iliyoungwa kwa waya uandike

sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover

angalia Server Identifier, rudia amri mara kadhaa maana saa nyingine atajibu mmoja saa nyingine mwingine. Ukikuta anwani ambayo siyo 192.168.50.2 umempata, anza kuchomoa nyaya za swichi moja moja mpaka atulie. Swichi zenye kusimamiwa zina kinga inaitwa DHCP snooping, unaiambia tundu gani ndo lenye seva halali na majibu yanayotoka matundu mengine yanatupwa, kama mna hela ya swichi ya namna hiyo nunueni, inaondoa hili tatizo moja kwa moja. Na kama huyo mtu kweli anahitaji wifi pale, rauta yake iruhusu ila izimwe DHCP, ipewe anwani ya kwenye lile eneo la 10 mpaka 29, na waya uchomekwe kwenye tundu la LAN siyo la WAN, inakuwa akses pointi ya kawaida na simu zitapata anwani kutoka kwa seva yako.

Mwisho bakapu. Kopi maabara.conf na faili la netplan kwenye flashi, na kama una kompyuta nyingine iliyokaa bure iwekee Ubuntu na dnsmasq ukiwa na faili hilo hilo (badilisha jina la kadi), ila iache dnsmasq imezimwa kwa sudo systemctl disable --now dnsmasq. Siku seva kuu ikifa unaichomoa kabisa, unaipa hii ya pili anwani ya 192.168.50.2, unaiwasha, na kompyuta ambazo muda wake haujaisha hazitajua hata kama kuna kilichotokea.